Kugonga Mara Mbili

Kule Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, kwenye uwanja wa mafundi ulio nyuma ya msikiti, gari halikutoka mpaka Massoudi aligonge. Si kwa nyundo, jamani. Aligonga kwa vifundo vya vidole, mara mbili juu ya boneti, ko ko, na hapo dereva anapanda, anawasha, anaondoka na moyo wake umetulia. Asipogonga, hata ulie machozi ya damu, funguo hupewi.

Kabla ya kugonga alisikiliza. Alikuwa na turnevisi moja, bisibisi ndefu, mpini wake wa mbao umeng'aa kwa mafuta na jasho la miaka thelathini na minne. Ncha aliiweka kwenye chuma cha injini, mpini akauegemeza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha akafumba macho. Watu walinyamaza. "Valvu ya tatu," angesema, na wakifungua wanakuta ya tatu kweli. Madereva walitoka mpaka Ngagara na Kajaga, wakapita gereji zenye kompyuta, wakaja kusikilizwa na Massoudi. Sifa zilimwingia kichwani, tusidanganyane. Alipenda kusema kwamba wengine Mungu amewapa macho na yeye akampa masikio.

Masikio hayohayo ndiyo yaliyoanza kumchezea mwaka huu.

Wa kwanza kugundua alikuwa mkewe, Sikuzani. Yuko uani anachambua maharage, anamsikia mumewe anaitika kutoka chumbani: "Naam?" Anamjibu: "Sijakuita, Baba Yasmina." Mara tatu, mara nne kwa siku. Na siku akimwita kweli, kimya, mpaka amfuate amguse bega. Sikuzani si mwanamke wa kungoja mambo yaharibike. Alimshika mkono kama anampeleka mtoto kuchanjwa, wakapanda mpaka kwenye kliniki moja ya Kinanira.

Massoudi alimkataza mkewe asiingie naye. Huko ndani binti mmoja aitwaye Nella, mpole, koti jeupe limemzidi mabega, alimfungia kwenye kachumba kadogo kama kabati, akamvisha vitu vya masikioni, akampa kitufe. Akisikia mlio, abonyeze. Massoudi akabonyeza weee, akabonyeza, akatoka anatabasamu peke yake. Kazi ya kusikiliza atashindwa yeye?

"Muzee," Nella akasema, "sauti za chini unazisikia muzuri. Za juu, zile nyembamba, apana. Zimeisha."

"Zimeisha namna gani? Mi nimezibonyeza zote!"

"Njo yenye inaniogopesha. Umebonyeza mara tisa wakati mi sikutuma kitu."

Massoudi akacheka. Nella hakucheka. Alisogeza kiti karibu, akazungumza polepole, akimtazama usoni.

"Sikio inakusanya tu, Muzee. Mwenye anasikia ni bongo. Ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana, na vyako vingi vimekufa, labda juu ya makelele. Havioti tena. Sasa bongo yako iko inangojea sauti yenye ilizoea, na ile sauti haifike. Bongo haipendi kukaa bure. Inachukua ile ya jana, ile ya mwaka jana, inakupatia. Na we hauwezi kujua ya kweli ni gani, kwani zote unazisikia sawasawa."

"Kwa hiyo mi ni mwenda wazimu."

"Apana, Papa. Bongo yako iko muzima, iko inafanya kazi yake. Lakini uniambie, we kazi yako ni gani?"

Massoudi aliificha mikono yake chini ya meza. Oili ilikuwa imejaa kwenye kucha.

"Nauza mchele," akasema.

Nje, Sikuzani aliinuka kwenye benchi. "Wamesemaje?"

"Masikio ya kijana. Wamesema we ndiye unaongea chini chini."

Sikuzani akamchapa kofi la mkononi, akacheka mpaka mlinzi wa getini akacheka naye. Massoudi alifurahi kumwona anacheka, na ndani ya furaha hiyo aliona haya, ila haya ya mtu mzima humezwa. Kesho yake alirudi uwanjani na turnevisi yake, akagonga. Wiki ikapita, mwezi ukapita, magari yanatoka na kurudi salama. Akajiambia yule binti hajui lolote, kasoma kwenye vitabu tu.

Alhamisi moja, saa moja asubuhi, Fortunat alileta minibasi yake. Alikuwa amekaa siku tatu kwenye foleni ya petroli, ameipata, na hakutaka kupoteza hata nusu saa. Anapanda Muramvya, anarudi leoleo na abiria wengine. Sikuzani alikuwa tayari pale uwanjani, amejifunga kitenge kipya, mkononi mfuko wa nguo za mtoto na thamosi ya uji. Binti yao Yasmina alikuwa amejifungua huko Muramvya siku nne zilizopita. Mjukuu wa kwanza huyo! Nani angemzuia kwenda kumwona na kurudi na gari hilohilo?

Massoudi akasikiliza injini. Nzima. Kisha, kama ilivyokuwa desturi pale, Fortunat akaizungusha minibasi uwanjani, akafunga breki mbele yake mara tatu, na Massoudi alichuchumaa pembeni ya gurudumu na macho yamefumbwa. Aliisikia breki inashika, laini, safi, kama alivyozisikia breki maelfu zilizo nzima.

"Umeisikiliza?" Sikuzani akauliza. Hakupanda gari lolote bila kuuliza hivyo, tangu wakiwa wachumba.

"Nimeisikiliza."

"Basi." Akapanda, akakaa mbele karibu na dereva.

Ko ko.

Jérémie, fundi wa breki, mtu wa Uvira, baba wa watoto wawili, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Aliinua kichwa, akafungua mdomo, akaufunga. Massoudi alimwona. Hakumuuliza kitu, na minibasi ikaondoka.

Jua lilipokuwa kali, Massoudi aliweka vifaa chini, akajaza buli maji, akaanza kutawadha. Alikuwa amefika miguuni Jérémie alipomkaribia.

"Muzee, unajitayarisha kwenda wapi?"

"Msikitini. Hujasikia adhana?"

"Adhana gani? Hata saa sita bado. Na umeme umekatika toka asubuhi."

Massoudi akatazama simu. Saa tano na robo. Akatazama msikiti: mlango umefungwa, barazani hakuna kiatu hata kimoja. Na yeye adhana ameisikia yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, pamoja na kile kikohozi anachokohoa muadhini katikati. Maji yalikuwa bado yanamdondoka vidoleni. Akaliweka buli chini.

"Jérémie," akasema. "Asubuhi ulitaka kusema nini?"

"Apana kitu, Muzee."

"Wallahi utaniambia!"

Jérémie akatazama chini. "Freni zilikuwa zinalia. Gurudumu ya mbele, kushoto. Kiii, kiii. Plaketi ya freni imeisha, chuma iko inakula chuma."

"Na ukanyamaza? We ni mutu gani, we!"

"Ulikuwa umegonga, Muzee. Nani hapa anasema kisha ya we kugonga?"

Massoudi akageuka kumtafuta mtu wa kumkanushia. Hatua chache tu pale alikuwepo Odette, mama wa Kikongo anayewauzia mafundi chai na maandazi. Alikuwa ameshika kijiko hewani.

"Hata mi niliisikia," Odette akasema kwa sauti ndogo. "Nikasema, Muzee anajua."

Uwanja mzima ulikuwa umeisikia breki ile inalia, isipokuwa yeye peke yake, aliyechuchumaa karibu nayo kuliko wote. Kupanda si neno, kupanda breki hazina kazi. Lakini kushuka kutoka Bugarama, kilele cha njia hiyo, mpaka mjini ni mteremko zaidi ya kilomita thelathini, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, na kila kona mguu uko kwenye breki. Chuma kikilana na chuma hapo kinapata moto mpaka hakishiki tena.

Akampigia Fortunat. Simu imezimwa. Akampigia Yasmina, akamuuliza mama yake yuko wapi.

"Mama?" Yasmina akasema. "Ameondoka, Baba. Kama dakika ishirini zimepita. Fortunat aliona mawingu, akasema twende mapema. Mama alinuna weee, hata kumtazama mtoto hakushiba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Massoudi akasema, akakata. Uongo wa tatu huo. Dakika ishirini maana yake wako Bugarama, mteremko unaanza.

Akapiga namba ya Sikuzani. Ikaita. Ikaita tena. Halafu akamsikia, karibu kabisa, sauti ileile nzito kidogo ya mtu aliyekatishwa shughuli:

"Baba Yasmina? Eee, niko."

"Mama Yasmina! Mwambie Fortunat asimame! Asimame hapo hapo, asishuke, breki ni mbovu! Unanisikia?"

"Amesimama," Sikuzani akasema. "Usiogope. Amesimama."

"Shukeni wote. Kaeni pembeni ya njia, Jérémie anakuja na plaketi. Umesikia?"

"Nimesikia. Usiogope."

Akakaa juu ya tairi, machozi yanamtiririka waziwazi, na hakujali nani anamwona. "Alhamdulillah! Wamesimama! Alhamdulillah! Jérémie, tafuta pikipiki upesi, chukua plaketi mbili, wamesimama pale juu!"

Jérémie hakuondoka. Odette alikuwa ameweka kijiko chini na kuja mpaka mbele yake.

Sasa, simu ya Massoudi ilikuwa kichekesho cha uwanja ule. Tangu masikio yalegee alikuwa ameipandisha sauti mpaka mwisho, hata siri za nyumbani kwake zilisikika mpaka kwa fundi viatu. Akiongea na Sikuzani, mafundi walijua jioni hiyo kwake kunaliwa ndagala au sombe, wakamtania. Kila neno la simu ile lilikuwa la wote.

"Muzee," Odette akasema, "unaongea na nani?"

"Na nani tena! Na mama Yasmina. Hamkumsikia?"

Wakatazamana. Jérémie akapangusa midomo kwa kitambaa chenye oili.

"Iliita tu," Odette akasema. "Iliita mpaka ikakatika. Hakuna mutu alishika, Muzee. We njo ulikuwa unaongea peke yako."

Massoudi akaitazama simu. Kioo kilionyesha ameipiga namba ile, na chini yake kimeandika kwamba haikupokelewa. Akapiga tena. Ikaita. Aliishika mbali na sikio, juu ya kiganja, wote watatu wameiinamia, na mara hii alikaza macho kwenye kioo asimsikilize mtu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Hapo Jérémie akakimbia kutafuta pikipiki, ingawa kwa pikipiki ni saa nzima mpaka juu, na hilo kila mmoja alilijua.

"Labda simu iko ndani ya mfuko," Odette akasema. "Pamoja na nguo za mutoto. Hawezi kuisikia."

"Labda," Massoudi akasema. Nguo za mtoto mfukoni hazikuwemo tena, zimebaki kwa Yasmina, lakini hakuna aliyelisema.

Mvua ilikuwa imeshafunika milima ya juu ya mji, nyeusi, haionyeshi njia. Alitubu kimoyomoyo, akaahidi kila kitu mtu anachoweza kuahidi. Kwamba atasema ukweli mbele ya wote. Kwamba turnevisi ataitupa ziwani. Kwamba atampandisha Sikuzani tena Kinanira amwambie yeye mwenyewe maneno ya yule binti, na akasirike anavyotaka, ampigie kelele mwaka mzima.

Saa tano na dakika hamsini, kioo kikawaka. Simu ikatetemeka kiganjani. Jina lilikuwa la Sikuzani.

Alitaka kuipokea, mkono ukakataa. Miaka thelathini na minne hakumwamini mtu mwingine kusikia kwa niaba yake, na sasa alimnyooshea Odette simu ile kwa mikono miwili.

"We sikiliza," akasema. "Mi nitatazama uso wako."

Odette akabonyeza, akaiweka sikioni, ingawa haikuwa na haja. "Alo?"

Na pale pale Massoudi akamsikia, safi kabisa, bila mkwaruzo, kuliko alivyowahi kumsikia maishani: "Baba Yasmina? Eee, niko." Alitaka kuitika. Akakaza macho usoni kwa Odette.

Odette alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Ni yeye?" Massoudi akauliza. "Niambie ni yeye."

"Apana, Muzee. Ni mwanaume. Anasema ameokota simu hii huku chini korongoni, kwenye majani. Anauliza mwenye simu ni nani kwetu."

"Niko," Sikuzani alikuwa anasema sikioni mwa Massoudi. "Usiogope, Baba Yasmina. Niko."