Maneno kwa Treni ya Kibombo

Kabeya alikuwa mtu wa kukata maneno, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Pale gare, yaani stesheni ya treni, ya Kindu, yeye ndiye aliyekaa kwenye mashine ya telegrafu. Mtu akija na karatasi iliyojaa salamu, Kabeya aliipokea, akashika kalamu nyekundu, akaanza kufyeka. "Mjomba mpendwa" ilikwenda. "Natumaini wote hamjambo" ilikwenda. Kilichobaki kilikuwa mifupa mitupu: mtoto mgonjwa, tuma dawa. Watu walimshukuru, maana kila neno lilikuwa na bei yake. Wafanyabiashara kutoka Butembo, wenye maduka karibu na bandari, walimpenda kuliko wote, kwa kuwa kwao salamu ni hasara.

Kazi hiyohiyo ikamvunjia nyumba. Baba mkwe wake, mzee Tshimanga, aliyekuwa dereva wa treni mpaka alipostaafu, alifariki huko Kibombo, kusini kwenye reli. Tshiela, mke wa Kabeya, alipanda treni ya kwanza kwenda kumlilia baba yake. Kabeya alinyimwa ruhusa kazini, basi akamwandikia mama mkwe telegramu: HABARI IMEFIKA POLE KAZI NYINGI NITAKUJA. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akaitazama tena na kuona kuna neno moja linaloweza kutoka bila kuharibu maana. Akalikata. Lilikuwa "pole".

Sasa, wao walikuwa Waluba wa Kasai, na Waluba hawazikani kimyakimya. Mkwe hutakiwa kufika, asimame uani, amlilie marehemu kwa majina yake na majina ya baba zake mpaka sauti imkauke. Badala yake ilifika karatasi, ikasomwa mbele ya waombolezaji, na wengine wakadhani msomaji ameruka mstari. Mama Mbombo, mama mkwe mwenyewe, aliikunja akaiweka chini ya mkeka. Baadaye Tshiela alimtuma Okito, kondakta wa treni, alete habari Kindu: hatarudi mpaka mama yake aseme neno, na mama yake hasemi.

Kabeya alipopata ruhusa alikwenda Kibombo. Kwa desturi ya kwao mwanamume hazungumzi na mama mkwe uso kwa uso. Akiwa na la kumwambia, husimama kando na kukisemesha kitu kingine, mbuzi au chungu, na mama mkwe husikia akiwa ndani. Kabeya alisimama kando ya mlango uliofungwa, akatazama pembeni kama inavyopasa, akasema, "Mulango, nimefika. Unisamehe." Akangoja. Mlango nao ukangoja, maana hata mlango ungetaka kusikia zaidi ya hapo. Jioni akapanda treni akarudi, na njia nzima alijiona mjinga.

Ndiyo sababu Amuri alipomwita, hakuuliza hata atalipwa nini. Amuri ndiye aliyechapa *Kivuko*, gazeti dogo la kila juma, kurasa chache za stensili zilizochafua vidole vya mji mzima. Alitaka safu kuhusu gare: nani kafika, nini kimeshushwa, treni iko wapi. Mrundo mmoja wa gazeti hilo ulipelekwa Kibombo kwa treni, na Kabeya alijua kuwa mama Mbombo, kama mjane yeyote wa dereva, hawezi kukaa bila habari za reli. Hakujua kusoma. Angesomewa na Tshiela.

Basi Kabeya alitafuta namna ya kuandika itakayoufungua ule mlango. Mengine yote, sifa na jina gazetini, aliwaachia wenye kuyataka.

Safu ya kwanza aliiandika kama telegramu. TRENI IMEFIKA JUMATATU. SARUJI. CHUMVI. ABIRIA WENGI. Amuri aliisoma akakuna kichwa.

"Kabeya, ndugu yangu, hii maneno iko mukavu sana. Muntu akisoma, atatafuta maji ya kunywa."

"Lakini habari yote iko ndani."

"Habari iko. Weye njo hauko."

Iliyofuata aliiandika kwa namna ya Masudi, mwalimu aliyejaza ukurasa wa mbele. Masudi hakuweza kutaja hata mfereji bila kuusifu kwanza uongozi, mapinduzi na uhalisi wa Zaire. Kabeya aliiga yote: wananchi waliofika "kwa ari isiyo na kifani", saruji iliyoshushwa "kwa moyo wa salongo", ile kazi ya umma ya lazima. Mkubwa wa chama tawala aliyesoma gazeti kabla halijachapwa alifurahi mno, hata akasema huyu citoyen, huyu raia wa gare, ana kipaji. Kabeya alivimba kichwa mpaka Okito aliporudi kutoka Kibombo.

"Bibi yako Tshiela alimusomea mama yake," alisema Okito.

"Na mama alisema nini?"

"Mama alilala."

Kabeya hakucheka. Usiku ule kitanda kilikuwa kipana mno, akajua kwamba anamtaka mkewe kuliko alivyowahi kumwambia. Yeye na Tshiela nao walikuwa wakiongea kwa mifupa. Chakula tayari. Sabuni imekwisha. Nimechoka.

Kesho yake treni ya Kibombo ilichelewa kama kawaida yake. Wanawake waliokuwa wakingojea mizigo walikaa kwenye jukwaa toka asubuhi, na ilipotokea mwishowe ikipumua, walifanya kama walivyofanya siku zote: waliigombeza. Si dereva, si mkubwa wa gare, kwa sababu hao ungeweza kuulizwa umewagombezea nini. Waliigombeza treni yenyewe.

"Weye treni, ulilala kwa nani?" alipaza sauti mama Bernadette, muuza mawese na samaki. "Samaki yangu inaoza, weye unatembea tu sawa bibi-arusi!"

Wengine wakacheka, wakaongeza yao. Kabeya alikuwa amewasikia miaka yote bila kuwasikiliza. Siku hiyo alisimama dirishani na kalamu yake nyekundu, na ule mlango wa Kibombo ukamjia akilini. Hawa kina mama walikuwa wakisema na mtu mwingine kupitia treni. Alirudi mezani, akaiweka ile kalamu kwenye droo, akachukua ya bluu.

Aliandika hivi:

"Treni ya Kibombo, jambo. Habari ya safari, habari ya magurudumu, habari ya wale uliowabeba? Tumekungoja mpaka samaki wa watu wameharibika, lakini leo sikugombezi. Leo nataka kukuuliza kama umesikia kwamba Tshimanga amekufa. Tshimanga mtoto wa Kabongo, mjukuu wa Ilunga mfua chuma, yule aliyekuendesha miaka yote na hakusinzia hata siku moja. Alikupigisha honi ukikaribia Kibombo ili mke wake aweke maji motoni. Mimi alinipa binti yake bila kunihesabia makosa. Siku alipokufa nilikuwa hapa, kwenye mashine, na mkono wangu ulikata hata neno ambalo mtoto mdogo asingelikata. Treni, unapita karibu na nyumba yake. Punguza mwendo. Piga honi kama alivyokufundisha. Umwambie aliye ndani, ingawa mimi sisemi naye, kwamba sijui kulia kwa kifupi tena, na kwamba nyumba ya Kindu haina mtu."

Iliendelea hivyo mpaka chini ya ukurasa. Amuri aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Hii njo iko na maji," alisema.

Mkubwa wa chama aliipitisha bila kalamu yake kugusa kitu. Hakuona kama mtu anayeisemesha mashine anaweza kumdhuru yeyote.

Mjini waliipenda, na mama Bernadette alitangaza sokoni kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Kabeya kuandika, jambo lililokuwa karibu na kweli. Lakini Kabeya alikuwa anangoja Kibombo. Treni ilikwenda na mrundo wa magazeti. Treni ikarudi, na Okito akashuka mikono mitupu. Alisema amepiga honi ndefu mbele ya ile nyumba, dereva alimkubalia, ila hakuona mtu uani. Kabeya akamshukuru. Kisha akaanza kujiambia kuwa labda amemwaibisha mjane mbele ya watu.

Siku iliyofuata, mashine ikaanza kugonga. Alikuwa mwenzake wa mashine ya Kibombo, aitwaye Waziri.

"Kuko mama moja hapa," aligonga Waziri. "Iko na telegramu murefu sawa reli. Anakatala nikate hata neno moja. Nimemwambia bei, anasema niandike tu."

"Tuma," Kabeya akagonga.

Akaandika herufi kwa herufi, kama zilivyokuja:

"Meza ya gare ya Kindu, jambo. Umelala muzuri, meza? Miguu yako yote ine iko nguvu? Umwambie ule anakaa nyuma yako, treni ilipita hapa na ilisema yote. Nilikuwa ndani. Nililia tena, na mara hii nililia muzuri. Lakini muzee Tshimanga alikuwa anasinzia sana mu kazi, njo maana nilikuwa ninamupikia kahawa. Asiandike tena kama hakusinzia. Tshiela atapanda treni siku ya ine. Nimemufungia chikwange, ule mukate wa muhogo, na samaki, asiache ioze."

Mashine ikanyamaza. Kabeya alikuwa akitazama karatasi, na maandishi yalikuwa yameanza kumcheza machoni. Kisha Waziri akagonga tena.

"Imebaki neno moja tu ya mwisho. Haina kazi, habari yote imekwisha. Nikate?"

"Usikate," aligonga Kabeya.

Likaja. Aliliandika kwa kalamu ya bluu, polepole, peke yake kwenye mstari wake: pole.