Kilima Nilichokipandisha

Mimi nina hasira za karibu. Mteja akinidanganya pale kwenye duka langu la kompyuta, mtaa wa Kenya hapa Katanga, namfukuza na mashine yake mkononi. Lakini Jumapili ile mwongo nilikuwa mimi.

Baba yangu, Mzee Kapya, aliendesha treni. Mwaka ule Wakasai, watu wa mkoa jirani, walipofukuzwa Katanga, alipewa treni iliyojaa watu hao na mizigo yao. Kwenye kilima kimoja akafungua mabehewa ya nyuma, akaondoka na ya mbele. Madereva hufanya hivyo treni ikiwa nzito: unapandisha nusu, halafu unarudia nusu nyingine. Baba hakurudi. "Masini ilishindwa kupanda," ndivyo alivyotuambia siku zote. Katika mabehewa yaliyobaki alikufa mama mzazi wa mwanamke mmoja wa Kikasai, Ngalula.

Ngalula amerudi kuishi mtaa wa Katuba, jirani yetu kabisa. Akasikia kwamba naitengeneza njia ile katika mchezo wa kompyuta, ule wa kuendesha treni kama ya kweli. Akaja. "Rodrigue, mutoto yangu, unionyeshe ile kilima. Nataka nione kama kweli ilishindikana."

Nikasema hakuna shida, mama. Domo langu hili!

Nilichukua vipimo vya ardhi vya satelaiti, nikapanga kimo cha reli kipande kwa kipande. Nikafunga mabehewa yote, nikayajaza. Treni ikapanda. Nikaongeza uzito, ikapanda. Nikaleta mvua ili reli ziteleze. Ikapanda tu, shenzi ile! Nikaona haya hata kumtazama baba akila bukari, ugali wake.

Basi nikaishika reli kwa kipanya pale kwenye mpando, nikaivuta juu. Nikainua na udongo chini yake isije ikaelea hewani, nikapanda na miti. Nikajaribu tena. Magurudumu yakazunguka bure, treni ikasimama. Nikashusha pumzi.

Jumapili baada ya misa Ngalula akafika, amevaa kitenge kipya. Baba akakaa kando yake. Nikaendesha, na treni ikakwama pale pale nilipotaka. Ngalula akafuta machozi, akamshika baba mkono.

"Aksanti, Baba Kapya. Miaka hii yote nilikuwa nakuchukia bure. Unisamehe."

Eh, Mungu wangu! Yeye ndiye anaomba msamaha! Nilitamani ardhi inimeze.

Baba alikitazama kioo cha kompyuta, kisha akanigeukia. "Rodrigue, ile kilima haikukuwa murefu vile. Uishushe."

"Baba, acha tu..."

"Uishushe, nakuambia!"

Nikaishusha. Treni ikaondoka na mabehewa yote, ikapanda mpaka juu.

"Masini ilikuwa na nguvu," baba akamwambia Ngalula. "Bavijana ba mapanga balikuwa nyuma yetu. Niliogopa, mama. Nilikata ile mabehewa ili nikimbie mbio."

Ngalula akautoa mkono wake polepole. Nilidhani atamfokea. Hakumfokea. Akasimama, akafunga kitenge vizuri, akanitazama mimi.

"Na wewe ulijua."

Baba alikimbizwa na mapanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kikombe cha chai kando yangu.