Kaa Kando Kidogo

Mtafiti wa nyota alikuwa anamimina chai sebuleni, na kama kawaida chai iliinama kikombeni kuelekea kochi la dirishani. Hapo kando ndipo alipokaa dada yake mkubwa. Siku walipokuja wageni wa kwanza wa chuoni alimwambia, "Dada, kaa kando kidogo," na dada, mtu msikivu kupita kiasi, akasogea kando kweli: si kulia wala kushoto, si mbele wala nyuma, si juu wala chini. Tangu hapo haonekani. Uzito wake tu ndio unaovuja huku, kochi likabonyea.

Sasa ona mambo: kazi ya mtafiti ilikuwa hiyohiyo, kupima kama ulimwengu una upande mwingine zaidi ya hizo tunazozijua. Nyota mbili zilizokufa ziligongana huko mbali, mwanga wake ukafika, na mtikisiko wa uvutano nao ukafika. Kama kungekuwa na upande wa ziada, uvutano ungevujia huko, mtikisiko ungefika hoi. Haukufika hoi. Ndiyo maana jioni hiyo wakubwa wa idara walikuja kumpongeza: upande wa ziada haupo.

"Leo utaniita niwasalimie?" dada alikuwa amemuuliza asubuhi. Ni yeye aliyeacha shule, akafua nguo za watu mpaka mikono ikachubuka, ili mdogo wake asome.

"Nitakuita, dada. Haki ya Mungu."

Wageni wakanywa. Vikombe vitupu vikatoweka kimoja kimoja, vikarudi vimeoshwa.

"Nyumba yako safi, bwana," akasema mkuu wa idara. "Nani anakusaidia?"

"Dada."

Huko kando, dada akasikia ameitwa. Kochi likanyanyuka. Mkono wake ukatokea hewani, umevaa bangili ya kutokea, ukawa unaweka sawa mtandio ambao bado haujaonekana.

"Una bahati! Madada wa kazi siku hizi hawakai. Huyu ulimpata wapi?"

Mtafiti aliuona mkono. Angesema tu, "Huyu ni tumbo moja na mimi," yakaisha. Aibu ikamchoma mpaka masikioni: kwanza ya kuwa na dada mfua nguo, halafu ya kumwonea aibu dada huyo, na hii ya pili ndiyo iliyozidi.

"Mama ndiye aliyeniletea," akasema.

Wakacheka, wakamsifu mama. Mkono ukabaki hewani kidogo, kisha ukarudi ulikotoka.

"Bosi," sauti ikauliza kwa adabu, "nitoe vyombo?"

"Toa," akasema mtafiti.