Nyuki wa Ukuta wa Jikoni

...na ndiye huyu, hakuna mwingine, tumbo refu, mwendo wa mtu asiyezoea kusukumwa, nimemnasa mabawa kwa kidole gumba na cha shahada, na mama chini ya ngazi ananiuliza, "Umempata?" nami najibu, "Bado, mama," kwa sauti nyepesi kabisa, uongo umenizoea siku hizi, unatoka wenyewe kama kikohozi, bado, na huku malkia ananikwaruza glavu, masega yake yote nimeshayakata na kuyafunga kwa uzi kwenye fremu za mzinga, mbao za ukuta nimezing'oa, hapa jikoni kwa mama, nyuma ya rafu ya vikombe walipoishi tangu baba afariki, mama hakumruhusu fundi yeyote awaguse, kiangazi akiwawekea maji ya sukari kwenye kisahani, wapangaji wangu hawa, alikuwa akisema, kodi hawalipi lakini wana adabu... sasa wanakuja wapangaji wa kweli, nao hawataki nyuki, nani anawataka, kwa hiyo mama anahamia kwangu na nyuki wanahamia kwangu, nina mzinga uliodhoofika nyuma ya nyumba, nitawaunganisha wawe kundi moja lenye nguvu, nilimweleza jana, unaweka gazeti katikati, hawa juu, wale chini, wanalitafuna polepole, hadi litoboke wameshashika harufu moja, hawapigani tena, akacheka mpaka akashika mbavu, "Kumbe hata nyuki wanasoma gazeti!" na leo kaja na la kwake, anasoma matangazo ya vifo, nasikia nusunusu, "...ameacha wajane wawili... huyu si yule mwalimu? Aliazima mwavuli wetu huyu, akaenda nao moja kwa moja..." ila sikumweleza kinachotangulia gazeti, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na malkia wawili ndiyo kabisa, mmoja lazima umfinye afe, na wa kufinywa ni huyu, mgeni, kwa sababu yule wa kwangu bado kijana na ana mzinga wake. Mama anadhani nawahamisha na mama yao. Anadhani pia... Mungu wangu, nilimwambia atakuwa na jiko lake, nilimwambia kwa simu, nimejifungia bafuni ili mama mkwe asisikie, chumba cha nyuma, mama, kina kajiko ka gesi, utajipikia upendacho, na hakuna kajiko, kuna kitanda, kuna dirisha linalotazama tangi la maji, na kuna jiko la mama mkwe, ambaye hata mimi, mke wa mwanawe, ananiachia kuchemsha chai tu, na ile ya kwanza aliimwaga, na nilipompa habari kwamba mama anakuja alifuta mikono akasema, "Akaribie, nyumba ni yenu, ila sufuria zangu asiguse," nami nikasema, "Sawa, mama," haraka mno, kama niliyekuwa nangoja kuambiwa hivyo, mume wangu akatazama viatu vyake. Atazoea. Najiambia hivyo kila nikipiga mswaki, atazoea, mtu mzima huzoea, yeye aliyepika hapa maisha yake yote, misiba na harusi, atakaa kitandani asubuhi anasikiliza vijiko vya mwenziwe, akisubiri kuitwa... "Mbona kimya huko juu?" "Natafuta, mama." Finya basi, ni kazi ya kufumba na kufumbua, nimewafinya wangapi kwenye dari za watu huku nikipiga soga na mwenye nyumba, finya, vidole hivi vimepata wapi huruma leo, nina aibu, ndiyo, nina aibu na mdudu, kwa mama mzazi sikuwa nayo...

"Mwanangu, kama umempata mmalize tu, usinionee haya," anasema, gazeti linachakarika, "malkia wawili mzinga mmoja! Kwani mimi nimezaliwa jana?" naye anaendelea tu, kama anayesoma tangazo jingine, "Mama mkwe wako alinipigia. Akaniambia jiko ni moja, nisijisumbue kubeba sufuria. Mtu wa maana, hana maneno mengi. Anapika bila chumvi, ana presha, basi na mimi tangu siku ile sitii chumvi, nijizoeshe nikiwa kwangu. Wali unapita. Maharage ndiyo kazi." Maharage... juzi nilikula maharage yake hapo mezani, nikaonja, nikasema moyoni uzee huo, ulimi wa mama umechoka, nikavuta kopo nikajitilia chumvi mbele yake, kijiko kizima, nikakoroga, na yeye akanitazama, akala yake, akaniuliza kama nimeshiba. Amekuwa akijizoesha peke yake, na mimi bafuni napamba kajiko, sikumpa hata nafasi ya kukasirika, ya kusema siji, ya kunitukana kama anataka, nyuki nimewatengea gazeti zima lakini mama yangu sikumtengea neno moja la kweli, na kuzoea huku, hata akizoea, ni mimi niliyemtwisha... malkia bado anapiga miguu, vidole bado havijafunga, "Haya, umempata au hujampata?" anauliza, na safari hii nitasema nimempata, kisha nitashuka nimwambie kwamba hakuna kajiko, anajua, lakini nitamwambia mimi, nikimtazama usoni, na akisema haendi, hatakwenda.