Picha za Baada ya Jumanne

Kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa safarini. Hutafutiwa sababu ya kurudi nyumbani, hukalishwa katikati ya watu wake, mtu mzima akakohoa, ndipo akaambiwa. Mimi ni mtetezi mkubwa wa desturi hii. Baba yangu alipofariki mwaka 2004, mpuuzi mmoja alinipigia simu nikiwa juu ya foklifti ghalani Malton, nje kidogo ya Toronto, nikaangusha shehena nzima ya vioo na nusura nimuue mtu. Kwa hiyo msinihukumu kabla hamjasikia.

Agosti 2011 tulitoka Toronto kwenda Uskoti watu watatu. Mimi Elias, mpiga picha wa harusi na komunyo wikiendi, mpakua mizigo siku zilizobaki. Ngugi, Mkenya ninayeishi naye ghorofani Dixon Road, ambaye huingia safari yoyote mradi asiipange yeye. Na Genoveva, mwenye safari. Geno alikuwa anatunza wazee kwenye makao yao kule Rexdale, na kibibi mmoja aliyezaliwa visiwa vya mbali vya Uskoti alimsimulia habari zake kila asubuhi akivalishwa soksi. Kibibi alimwomba aende ampigie picha nyumba ya wazazi wake, kama bado imesimama.

"Kamera unayo, Kaka Eli," Geno aliniambia. "Sasa kisingizio chako ni nini?"

Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Kisingizio sikuwa nacho.

Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, niseme ukweli. Visiwa vile havina mti. Ni mawe, majani, kondoo, na upepo wa kukuvua kofia ukiwa umeishika. Kila siku mvua, na kila siku Geno anatangulia mbele na koti lake la njano, anageuka, anapiga kelele: "Eli, hapa! Nipige hapa!" Ngugi alilalamika baridi tangu asubuhi mpaka jioni. Tulicheka sana.

Jumanne jioni tulipanda kilima cha kisiwa cha mwisho, mahali pekee simu ilipopata mtandao. Wenzangu walikuwa wameshaanza kushuka simu yangu ilipoita. Alikuwa Mzee Ildefonce, mwenyekiti wa Watanzania kanisani kwetu Toronto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Uko na Genoveva?"

"Yuko mbele kidogo."

"Sogea pembeni, mwanangu."

Nikasogea nyuma ya jiwe. Mama yake Geno alikuwa amefariki asubuhi ile nyumbani Kibosho, presha. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya safari yote: Jumatano tupande feri, Alhamisi tuwe Toronto, Geno aambiwe mbele ya akina mama, na jioni hiyo hiyo apande ndege na mtu wa kumshika mkono. Ijumaa usiku angekuwa Kibosho.

"Usimwambie chochote," alisema. "Tafuta sababu, umlete."

Feri ilifika kisiwani Jumatano na Jumamosi tu. Nilikuwa na usiku mmoja wa kutafuta sababu.

Nikasema naumwa tumbo. Ndiyo sababu niliyoipata, mimi mtu mzima. Nilijikunja mezani kwenye nyumba tuliyopanga, nikasema kesho turudi.

"Nitakuchemshia tangawizi," Geno alisema, na alikuwa ameshashika sufuria. "Eli, please, hata nyumba ya bibi hatujaiona. Ananisubiri yule. Jumamosi si mbali."

"Tumbo linauma kweli, Geno."

"Basi utalala, mimi na Ngugi tutaitafuta."

Nilimtoa Ngugi nje nikamweleza.

"Buda, mwambie. Hiyo ni mathe yake."

"Kwetu hatufanyi hivyo. Na hapa kuna majabali kila upande. Akijirusha?"

"Geno hajirushi. Ni wewe unaogopa."

Nilimwambia anyamaze, mambo ya kwetu hayajui. Alinyamaza, na hilo pia nilimlazimisha.

Asubuhi feri ilipiga honi. Tulikuwa tunakunywa chai ya tangawizi. Nilikuwa na maneno matatu tu ya kusema, na kila nilipofungua mdomo niliona akina mama wa Toronto wakiniuliza: ulimwambia peke yake, porini, mbele ya wanaume wawili? Nikasema moyoni kwamba Wachagga husubiri watoto walio nje, mazishi yatasogezwa. Honi ikalia mara ya pili. Geno aliniongezea chai.

Mchana nilipanda kilima nikampigia Mzee. Mazishi hayakusogezwa. "Basi ungemwambia tu," alisema, kisha akajikatiza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza. Hata hapo bado ningeweza kushuka nikasema. Mashua za wavuvi zilikuwepo. Lakini sasa ingebidi nieleze pia kwa nini sikusema jana, na jambo hilo lilikuwa limeshakua kuliko mimi.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hawakusema anayeficha kilio chenyewe atafichuliwa na nini.

Nyumba ya bibi tuliipata Alhamisi. Kuta nne, hakuna paa, kondoo ndani. Geno alilia kidogo kwa ajili ya mama wa watu, akasema akifika Toronto atampigia simu mama yake kwanza, hata kabla ya kuoga. Nilishika kamera machoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili tulifika Dixon Road, ambako Geno naye alikuwa amepanga. Mlangoni kwake palikuwa na viatu, viatu vingi, mpaka kwenye lifti. Geno aliviona. Kanisani kwetu hakuna mtu mzima asiyejua maana ya viatu hivyo. Alisukuma mlango; makochi yalikuwa yameondolewa, akina mama wamekaa chini kwenye kapeti na khanga zao. Mzee Ildefonce alisimama, akakohoa.

"Nani?" Geno aliuliza.

"Mama, mwanangu."

"Lini?"

"Jumanne."

"Mnazika lini?"

Hakuna aliyejibu, na kwa kunyamaza kwao akajua. Hakupiga yowe. Aligeuka akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimeshika sanduku lake, kisha akina mama wakamvuta chini.

Alikwenda Kibosho akakuta kaburi limeshaanza kukauka. Aliporudi hakupokea simu zangu. Oktoba, Jumapili moja ya mvua, alikuja mwenyewe na kuketi bila kuvua koti.

"Fungua zile picha. Zote."

Nikafungua kompyuta. Alizipitisha moja moja, pole pole, na kwenye kila picha aliuliza swali lile lile bila kunitazama.

"Hapa ulikuwa unajua?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, Geno."

"Hapa?"

"Hapo nilikuwa najua."

Hakuacha. Alitaka kila moja ijibiwe. Kondoo, mlango wa nyumba ya bibi, yeye akila samaki, yeye akiruka dimbwi. Najua. Najua. Nilimwomba msamaha, akasema, "Jibu tu."

Ikaja picha aliyoipiga Ngugi, Ijumaa. Mimi na Geno juu ya jabali, upepo umempindulia koti likamfunika kichwa, na mimi nimejishika mbavu, mdomo wazi, macho yamefumba.

"Hapa ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akaisogelea. "Mbona unacheka?"

Nilitaka kumwambia nilikuwa najilazimisha ili asigundue. Lingekuwa jibu la heshima, na nadhani alikuja kulitafuta hilo. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya vya kutosha.

"Nilikuwa nimesahau," nikasema.

Geno alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa majibu ya hospitali. Akafunga kompyuta, akatoka. Mlango hakuufunga.