Njia ya Mwenyekiti

Paka wetu anaitwa Mwenyekiti, ingawa ni jike, na amekula chumvi nyingi: miaka kumi na tisa. Miezi miwili iliyopita alianza vituko. Anatoka kwenye mkeka wake, anavuka chumba cha kushonea, anafika kwenye ukuta mtupu, anasimama hapo pua imegusa plasta na kulia. Sahani ya chakula iko hatua sita kushoto kwake. Haendi.

Daktari wa mifugo alimpima macho, masikio, figo. "Akili ndiyo inachakaa," akasema. "Inawatokea paka wazee kama inavyotutokea sisi. Na ameshakonda. Nitarudi Jumamosi. Kama bado hawezi kufika kwenye chakula mwenyewe, tumpumzishe, asiteseke."

"Bora apumzike," dada yangu akasema upesi, kisha akaingia jikoni kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mimi nina ugonjwa wa udadisi. Kilichonikera si kwamba Mwenyekiti anapotea, bali kwamba anapotea vilevile kila siku. Aliyepotea kweli hutangatanga. Basi nikachukua chaki ya kuchorea vitambaa, nikamfuata kwa magoti, fundi mzima na miwani yangu, nikichora sakafuni kila alipopita. Wateja waliokuja kuchukua nguo walinitazama, wakatazamana. Mmoja alimuuliza dada kama niko salama.

"Salama ya wapi," dada akajibu. "Na ndiye huyohuyo mliyempa vitambaa vyenu."

Siku ya tatu mistari ikaanza kueleweka. Katikati ya chumba, penye sakafu tupu, Mwenyekiti alikuwa akikata kona: kulia, mbele, kushoto. Nikapima kwa tepu. Kisha, sijui kwa nini, nikapima meza ninayokatia, iliyo dirishani. Vipimo ni vilevile, ila paka alizidisha vidole viwili, kama fundi aliyeacha nafasi ya mshono.

"Dada, hebu njoo."

Alikuja akifuta mikono, akaifuata mistari kwa macho mpaka ukutani. "Hapo ndipo meza ya baba ilipokuwa," akasema.

Baba alipofariki, miaka saba iliyopita, nilirudi nyumbani kushika cherehani yake, na kwa kiherehere changu nikapangua kila kitu. Meza nikaisogeza dirishani kwenye mwanga. Mlango wa jikoni nikauziba kwa matofali nipate ukuta wa kutundikia nguo, nikafungua mwingine pembeni. Kumbe Mwenyekiti hakuwa analilia ukuta. Alikuwa anasubiri kufunguliwa mlango.

Ijumaa tuliirudisha meza mahali pake, tukihema. Sahani tukaiweka chini ya ukuta, pale palipokuwa na kizingiti. Jumamosi daktari akaja na mkoba wake, akasimama kando. Mwenyekiti akaamka, akajinyoosha, akaizunguka meza bila kugusa hata mguu mmoja, akafika ukutani, akala mpaka akalamba sahani. Daktari akafunga mkoba. Dada akalia waziwazi, safari hii bila kukimbilia jikoni.

Mimi nikainama nimpapase. Kwa miaka saba paka huyu amelala kila usiku miguuni pangu, kitanda kimoja, blanketi moja. Akarudi nyuma, akasimamisha manyoya, akanitolea meno. Kisha akaenda kujisugua kwenye sketi ya dada.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa iliniuma sana. Katika nyumba aliyoirudia kichwani mwake, baba yuko mezani anakata suruali, na dada yuko jikoni. Mimi bado sijaja.

Siku hizi kila asubuhi nasimama mlangoni pa chumba changu cha kazi, napiga hodi, nachuchumaa, namnyooshea mkono aunuse. Siku nyingine inafika adhuhuri ndipo anikaribishe.