Wimbo wa Bibi Fidana

Kwa miaka mingi bendi ya Sinigeri iliimba mapenzi ya ufukweni, na Bulgaria nzima ikacheza. Kisha uzeeni, wakati wenzao wa rika wanapalilia nyanya, wakaimba wimbo mmoja wa kimilima, wa taratibu, walioletewa na binti aitwaye Ralitsa. Redio zikawa hazina kingine. Kalin, mwimbaji wao, hakuwahi kupendwa vile hata alipokuwa na nywele.

Ila maneno yakaanza. Mpiga ngoma wa bendi alirudi kutoka harusini, huko milima ya Rodopi, akasema vikongwe wanauimba mezani na kuapa ni wa mabibi zao. Ralitsa naye aliapa ameutunga mwenyewe, jikoni kwake, akimenya pilipili. Jalada la albamu lilikuwa linangoja: liandikwe jina lake, au liandikwe kwamba wimbo ni wa jadi. Likiandikwa hilo la pili, binti ataitwa mwizi, na nani tena atapokea wimbo wake? Kalin hakukasirika. Alitaka kujua tu, na hamu hiyo ilimwasha kuliko hasira. Akampakia Ralitsa garini, wakapanda milimani hadi kwa yule kikongwe aliyetajwa zaidi.

Bibi Fidana aliwaandalia viazi vya kuoka na jibini, akamkagua Kalin kichwa hadi kiatu.

"Wewe si yule wa kwenye televisheni? Mbona umekonda? Bendi haikulishi?"

"Inanilisha kidogo, bibi. Tumekuja kuulizia wimbo."

"Upi? Ule mliotuibia?"

Ralitsa aliweka uma chini.

"Niliusikia kwa bibi yangu nikiwa sijaota meno," alisema kikongwe. "Na yeye kwa bibi yake."

"Basi tuimbie," Kalin akaomba.

Kule haimbi mtu kwa kuombwa mara moja. Bibi Fidana alikataa, akabembelezwa, akakataa tena, akanywa kidogo rakia, pombe kali ya matunda, ndipo akafumba macho. Sauti ilitoka imara. Na baada ya beti za Ralitsa ukaja ubeti mwingine kabisa: bibi harusi anavuka mlima, anageuka kutazama kwao, na mama ameshafunga mlango. Ralitsa alibadilika rangi. Ubeti ule ulikuwa mzuri kuliko yote aliyoandika, na Kalin akaona huruma, maana sasa ni dhahiri binti alidanganya.

Lakini kuna kitu kilimkera sikio.

"Bibi, ule mstari wa pili, wa ubeti wa kwanza. Mbona umekata pumzi katikati ya neno?"

"Ndivyo ulivyo! Bibi yangu alikata hapo hapo."

Kalin nusura apaliwe. Majira ya baridi yaliyopita aliuimba redioni moja kwa moja, mafua yamembana, na hapo hapo pumzi ikamwishia. Ralitsa aliona aibu wiki nzima. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuukata pale, na bibi huyu, mwenye pumzi ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde, hana sababu ya kuukata. Alimtazama kikongwe usoni. Hakuwa anadanganya. Aliamini kabisa.

Kalin akamvuta Ralitsa barazani, akamnong'oneza.

"Kaufundishwa na redio. Kasoro yangu imemuumbua. Jina lako linaandikwa, mwanangu, na nisamehe kwa kukushuku."

Ralitsa alifuta machozi, akacheka, kisha akasita.

"Mzee Kalin, na ule ubeti wa mlango? Redioni haukuwepo."

Hakungoja jibu. Alirudi ndani, akaketi karibu na kikongwe.

"Bibi, ule ubeti wa mlango nao ni wa bibi yako?"

Bibi Fidana alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja, polepole, mpaka meza ikawa safi.

"Ule hapana," alisema. "Binti yangu alipokwenda Hispania kufanya kazi, nilifunga mlango kabla hajafika kona. Nilijua akigeuka nitamkimbilia nimrudishe. Sijui kama aligeuka."

Kisha akamgeukia Kalin, mkali kama mwanzo.

"Hayo mengine andikeni mnavyotaka, mwandikeni hata bibi yangu. Lakini ubeti ule usiandikwe kuwa ni wa jadi. Andikeni Fidana."